Maradhi ya Huzuni na Wasiwasi: Namna ya Kumweleza Tabibu

Wasomaji wetu, mtu akiumwa jino hushika shavu, na kila amwonaye hujua. Akivunjika mguu huchukuliwa kwa machela, na njia nzima humpisha. Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa huja nayo kwa miguu yake mwenyewe. Amevaa vizuri, amesalimia watu wote barazani, ameketi akangoja zamu yake. Aingia kwa tabibu, asema, "Naumwa kichwa," apewa vidonge vya kichwa, arudi nyumbani. Vidonge humezwa, na maradhi yake yabaki pale pale, maana hakuyataja wala hakuulizwa. Katika maongezi haya twataka kueleza maradhi hayo ni nini, na mtu ayasemeje mbele ya tabibu hata aeleweke.

Maradhi yenyewe ni mawili, na mara nyingi huja pamoja kama mapacha. Moja laitwa sonona, nayo ni huzuni iliyopita kiasi isiyotaka kuondoka. La pili ni wasiwasi uliozidi, yaani hofu isiyokuwa na simba mbele yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa na sonona, na wapatao milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi. Hayo si maradhi ya Wazungu, wala ya wenye mali, wala ya waliosoma mno. Yako Ujiji kama yalivyoko London.

Hapa hatuna budi kutenganisha jambo moja, kwa kuwa watu wengi hulichanganya. Kuhuzunika si ugonjwa. Mtu aliyefiwa na mama yake asipohuzunika, huyo ndiye wa kustaajabiwa. Lakini tazameni matanga yetu: mfiwa alia, na katikati ya kilio mtani wake aja kumwigiza marehemu alivyotembea, au alivyodai fedha zake, na mfiwa acheka huku machozi yakimtoka. Baadaye alia tena. Huzuni ya namna hiyo ina mlango, watu huingia na kutoka. Mwenye sonona hata mtani hamfikii. Majuma mawili yapita, mwezi wapita, na kila siku, tangu asubuhi hata jioni, mambo aliyoyapenda hayana ladha tena. Usingizi wamkimbia au wamzidi. Chakula chamshinda. Mwili ni mzito kana kwamba amebeba gunia. Ajiona hafai, ajilaumu kwa makosa aliyokwisha kusamehewa, na kazi ndogo, kama kujibu barua au kufua shati, yamsimamia kama mlima. Dalili hizo zikidumu kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na zikimzuia mtu kufanya kazi zake, yafaa aende kwa tabibu, kama vile angaliyekwenda kwa homa.

Mwenye wasiwasi, yeye huhesabu mabaya ambayo bado hayajatokea. Mikono yatoka jasho, tumbo lachafuka, usiku asikia kila mlango. Wengine hushikwa ghafula: moyo waenda mbio, kifua chabana, pumzi yawa fupi, na mtu aamini kabisa kwamba saa yake ya kufa imefika. Baada ya dakika kadhaa hutulia. Akipimwa moyo waonekana mzima, naye aona haya kwa kelele alizopiga. Asione haya. Ile hofu ilikuwa ya kweli hata kama ile hatari haikuwa ya kweli.

Sababu yake ni nini? Hapana sababu moja. Wengine hurithi udhaifu huo kama wengine wanavyorithi pumu. Wengine huangushwa na msiba, deni, ndoa mbaya, ugonjwa wa muda mrefu, au vita. Wanawake kadha wa kadha hupatwa baada ya kujifungua, nao huficha, maana wote nyumbani wafurahia mtoto. Si uvivu, na si upungufu wa imani: tumewaona maimamu na mapadre wakipatwa nayo.

Sasa, mbona tabibu haioni? Twapenda kulijibu swali hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Lugha yetu huweka mambo ya roho ndani ya mwili. Twasema moyo umekufa ganzi, kichwa chawaka moto, kifua kimejaa, maini yakatika. Hayo ni maneno mazuri na ya kweli, walakini mbele ya tabibu mwenye wagonjwa hamsini mlangoni, yeye husikia "kichwa" akafikiri malaria, husikia "kifua" akafikiri kikohozi, husikia "tumbo" akafikiri minyoo. Na katika mkoa wa Kigoma, ambako malaria ni nyingi, tabibu hakosei kuifikiri kwanza. Neno tulitumialo sana ni "mawazo." Twasema, "Fulani ana mawazo," na kila mwenyeji aelewa. Lakini mgonjwa halitaji neno hilo zahanatini, kwa kuwa adhani mawazo hayana dawa, na kwamba tabibu atamcheka. Huko Zimbabwe Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na kwa miaka mingi wao nao walilinyamaza hospitalini vivyo hivyo. Habari zao tutazirudia.

Mfano wa zamani uko karibu nasi, pale Ujiji. Mwaka 1871 Dr. David Livingstone, Mskoti, ambaye yeye mwenyewe alisomea utabibu, alirudi Ujiji kutoka Manyema. Huko Nyangwe, mwezi wa Julai, alikuwa ameona kwa macho yake wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga bunduki watu sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakizama katika mto wa Lualaba. Alifika Ujiji mgonjwa, akakuta mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Kisha akaja Henry Stanley. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba kabla ya hapo alikuwa akila mara mbili tu kwa siku, chakula kidogo kisicho na ladha, na baada ya kupata mtu wa kuzungumza naye alianza kula mara nne, na nguvu zikamrudia. Baada ya hapo wawili hao walikwenda pamoja kwa mtumbwi hata mwisho wa ziwa wa kaskazini, wakahakikisha kwamba mto Rusizi waingia ziwani, hautoki. Hatusemi Livingstone alikuwa na sonona. Mwili wake ulikuwa na maradhi mengine ya kutosha. Twasema tu kwamba yeye, aliyekuwa tabibu, alijua kuandika mambo matatu ambayo kila tabibu angependa kuyasikia: aliyoyaona, chakula kilivyokosa ladha, na tangu lini mambo yalibadilika.

Basi tumtunge mvuvi mmoja wa Kibirizi. Si mtu fulani. Wako wengi wafanano naye. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaa. Shabaha yake ilikuwa njema. Lakini mvuvi wetu alikuwa na deni la wavu. Ziwa likafunguliwa, wenzake wakarudi majini, naye akarudi pamoja nao. Ila moyo wake haukurudi. Mwezi wa Septemba aenda zahanatini. Tabibu ni mama wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Habari za ziwani?"

"Nzuri tu, mama. Naumwa kichwa, na mwili hauna nguvu. Naomba unipime malaria."

Apimwa. Malaria hamna. Apewa vidonge vya maumivu, aaga, atoka. Hapana aliyekosa hapo, na hapana aliyeponywa. Baada ya majuma mawili atakuja tena kuomba kupimwa malaria, na mara ya tatu atakwenda duka la dawa kununua vidonge vya usingizi, na mara ya nne atanunua gongo.

Sasa tumrudishe mlangoni, aingie upya, tumwongezee sentensi moja tu.

"Mama, naumwa kichwa, lakini si kichwa tu. Mwezi wa tatu huu sipati usingizi, nawaza mno, wala sina hamu ya kitu chochote."

Tabibu aondoka kitini, afunga mlango, arudi kuketi.

"Hulali kabisa?"

"Sisi wa dagaa hatulali usiku, mama, siku za giza."

"Najua. Nakuuliza siku za mbalamwezi, mnapokuwa nchi kavu. Siku hizo walala?"

"Nalala saa tano. Saa nane nimekwisha amka, na mpaka alfajiri macho ni makavu."

"Na chakula?"

"Mke wangu apika ugali na mgebuka. Naona kama natafuna karatasi."

"Una watoto?"

"Watatu. Zamani yule mdogo akinikimbilia ufuoni nilifurahi. Sasa nikimwona aja, napita njia ya nyuma."

Tabibu anyamaza kidogo. "Mwanangu, nitakuuliza neno, nami humwuliza kila mtu mwenye hali kama yako. Je, umepata kuwaza kwamba afadhali ufe?"

"Mara moja, mama. Tulikuwa majini."

"Umefanya vyema kuniambia."

Mwaona, wasomaji wetu, kwamba mvuvi hakutumia neno lolote la kitabuni. Hakusema "sonona." Alisema mambo manne: usingizi, mawazo, hamu, na muda. Tabibu aliyefunzwa akisikia hayo huutambua mlango, na yaliyobaki ni kazi yake. Angalieni pia swali lake la mbalamwezi. Tabibu asiyejua kazi ya dagaa angalisema mvuvi hulala mchana, basi usingizi wake hauna neno. Na mvuvi asiyeeleza kazi yake angalimwacha akosee. Kwa hiyo mweleze tabibu siku yako ilivyo: waamka saa ngapi, wafanya kazi gani, wala nini, wanywa nini. Pombe nayo isemwe kwa kipimo chake cha kweli, kwa sababu huleta usingizi saa ya kwanza na huuiba saa ya tatu, na huzidisha huzuni asubuhi yake.

Aonaye haya kusema, na aandike. Karatasi moja yatosha: yalianza lini, yamebadilisha nini, dawa gani amekwisha kunywa. Dawa za mitishamba zitajwe pia. Hatukatazi mtu kwenda kwa mganga wake au kuombewa na viongozi wa dini yake, wengi wamepata faraja huko. Lakini dawa mbili zaweza kugombana tumboni, na tabibu hawezi kuzisuluhisha ikiwa moja imefichwa. Naye aogopaye masikio ya watu barazani ana haki ya kusema, "Naomba tuzungumze faragha." Siri ya mgonjwa ni wajibu wa tabibu, si hisani yake.

Liko jambo la lugha pia. Bibi wa kijijini Kasulu au Buhigwe ambaye Kiha ndicho kinachomjia moyoni huja na mjukuu wa miaka kumi na miwili wa kumtafsiria. Bibi gani atasema mbele ya mjukuu wake kwamba amechoka kuishi? Aombe muuguzi ajuaye Kiha, na mjukuu angoje nje. Twalisema jambo hili kwa mkazo, maana tumeliona likiharibu mazungumzo mengi ambayo yangaliweza kufaa.

Tabibu akisha kusikia, huanza kwa kuupima mwili, na mgonjwa asidhani amepuuzwa. Upungufu wa damu huchosha mtu. Tezi la shingoni likifanya kazi mno huleta mapigo ya moyo na wahka, na likifanya kazi kidogo huleta uzito na huzuni. Virusi vya UKIMWI, kisukari, na maumivu ya siku nyingi huenda pamoja na sonona mara kwa mara. Na katika nchi zetu hizi za mbung'o uko ugonjwa wa malale, ambao Wajerumani walipigana nao katika pwani ya ziwa hili kabla ya vita ya 1914. Huo nao hugeuza usingizi na tabia ya mtu. Baada ya hayo tabibu huweza kumsomea mgonjwa orodha ya maswali tisa yaliyotungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo siku hizi hutumika nchi nyingi, nayo yamefasiriwa kwa Kiswahili. Huuliza habari za majuma mawili yaliyopita, na kila jibu lina alama kutoka 0 hata 3. Si mtihani wa shule. Hapana kufaulu wala kushindwa, na ajibuye kwa kumpendeza tabibu ajidanganya mwenyewe.

Kisha huja matibabu. Kwa sonona iliyo nyepesi, dawa ya kwanza ni mazungumzo yenye utaratibu, na hapa ndipo tunapowarudia Wazimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda, akiona kwamba nchi yake ina madaktari wa namna yake wachache mno, aliwafundisha mabibi kumi na wanne wa Mbare, mtaa wa Harare. Mabibi hao waliketi na wagonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi humsikiliza mgonjwa, kisha humwambia, "Katika shida zako zote tuchague moja tuishughulikie kwanza." Wanatafuta njia pamoja, mgonjwa aenda kuijaribu, arudi juma la pili kueleza. Mtu aweza kusema, hayo ni mambo ya bibi yeyote kibarazani. Lakini yalipimwa kwa hesabu, katika zahanati 24 za Harare na wagonjwa 573, na habari zake zikatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kila wagonjwa mia waliopata benchi, wapatao 14 tu walikuwa bado na sonona. Katika wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Sisi twaona fahari kidogo kusoma habari hiyo, maana haikutoka ng'ambo.

Sonona ikiwa nzito, tabibu hutoa dawa. Zilizo kongwe na zinazojulikana sana ni amitriptilini na fluoksetini. Juu ya dawa hizi watu hukosea mambo mawili. La kwanza, huacha mapema. Panadoli humaliza maumivu kwa saa moja, lakini dawa hizi huanza kuonekana baada ya majuma mawili hata manne, na katika siku za kwanza huweza kuleta kinywa kikavu, kichefuchefu au usingizi mzito. Mgonjwa asema, "Hazifai," azitupa, siku tatu kabla hazijaanza kufaa. La pili, akipata nafuu huacha ghafula. Dawa huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, na kuachwa kwake ni kwa kupunguza kidogo kidogo kwa shauri la tabibu. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza vinavyouzwa madukani, kama diazepamu, ni mambo mengine: vikitumiwa kwa muda mrefu mwili huvizoea na kuvidai, na mtu huwa na shida mbili.

Hapa mgonjwa wa Kigoma hutuuliza swali lake la siku zote: "Je, hawatanipeleka Mirembe?" Swali hili halichekwi. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 hupita Dodoma. Kwa hiyo katika masimulizi ya watu, mwenye kutaja mawazo yake hupakiwa garini na kushushwa huko. Jina lenyewe limekuwa tusi vinywani mwa watoto, jambo ambalo ni dhuluma kwa hospitali iliyohudumia wagonjwa tangu miaka ya 1920. Jibu ni hili: wengi wa wenye sonona na wasiwasi hutibiwa wakilala nyumbani kwao. Huanza zahanatini au katika kituo cha afya; wakizidiwa huenda hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Maweni, mjini Kigoma. Wachache wenye shida kubwa hupelekwa mbele, nao hupelekwa ili watibiwe na kurudi.

Jamaa za mgonjwa nao wana sehemu yao. Wasimwambie, "Jikaze," maana angaliweza angalikwisha kujikaza. Wasimwambie pia kwamba wako wenye shida kuliko yeye. Alijua, na ndiyo maana alinyamaza. Wamsindikize zahanatini, wamtunzie siku zake za kurudi. Mwenye kusema kwamba ataka kufa asiachwe peke yake hata kidogo. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe kwa tabibu siku ile ile, iwe usiku au mchana. Watu wengi huogopa kumwuliza mtu kama awaza kufa, wakidhani watamtia wazo hilo. Sivyo. Wazo likiwapo, swali huliondolea upweke. Lisipokuwapo, swali halilizai. Mvuvi wetu aliposema "mara moja, mama," tabibu alimwuliza zaidi: je, amefanya mpango? Je, wazo lapata kurudi? Nyumbani yuko nani wa kukaa naye?

Na iko jamaa ya watu ambao twawakumbuka kwa namna ya pekee katika mkoa huu, nao ni waliovuka ziwa na mpaka wakikimbia vita. Warundi walikuja mwaka 1972 na mwaka 1993. Wakongo walikuja kwa wingi mwaka 1996, wakawekwa katika kambi ya Nyarugusu. Na mwaka 2015 Warundi walijaa ufuoni Kagunga, wakakutwa na kipindupindu, hata meli ya Liemba ikawachukua kwenda Kigoma. Mtu aliyeona mambo hayo huweza kuishi miaka kumi akiwa mzima wa kazi, kisha siku moja mlio wa mlango ukamrudisha kule. Huamka usiku akipiga kelele, hukwepa njia fulani, hushtuka akiguswa begani. Hayo nayo yana tabibu wake. Halazimiki kusimulia yote aliyoyaona siku ya kwanza, yatosha kusema, "Niliona mambo mabaya, na usiku yananirudia." Tabibu mwema hatamharakisha.

Yaweza kutokea kwamba tabibu wa kwanza hasikilizi. Ana haraka, au hakufunzwa mambo haya, au ni mtu wa kejeli. Matabibu ni watu. Hapo mgonjwa asiseme kwamba amejaribu na imeshindikana. Arudi siku nyingine, aulizie mwingine, au aombe kuandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Mwenye jino bovu hafi na maumivu kwa sababu mng'oaji wa kwanza hakuwapo.

Mvuvi wetu wa Kibirizi alipewa nini? Damu yake ilipimwa ikaonekana njema. Hakupewa vidonge siku ile. Tabibu alimwambia amweleze mkewe usiku ule ule yale aliyomweleza yeye, na kwa majuma mawili asiende ziwani bila kaka yake katika mtumbwi mmoja. Kisha wakachagua shida moja, nayo ilikuwa lile deni: aende kwa mdai wake, aeleze, aombe kulipa kidogo kidogo, kuliko kumkwepa sokoni kila siku. Wakaandika siku ya kurudi. Tabibu alitazama kalenda ukutani akasema Jumatatu ya tatu. Mvuvi akahesabu kwa vidole vyake, akasema, "Siku hiyo ni giza, mama, tutakuwa majini. Nipe Alhamisi yake, mwezi utakuwa umekwisha kuwa mkubwa." Tabibu akafuta Jumatatu, akaandika Alhamisi.